Fizi zinazotoka damu na mama aliyeanza kusahau

SWALI: Assalaam alaykum, daktari. Naishi Wete, na mama yangu ana miaka 71. Tangu mwaka jana anasahau sana. Anauliza jambo moja mara tano, na mwezi uliopita alitoka kwenda kwa jirani, nyumba ya tatu tu, akashindwa kurudi. Kinywa chake nacho kimeharibika siku nyingi: fizi zimevimba, zinatoka damu, na meno mawili ya mbele chini yanacheza. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam ametumiwa ujumbe kwenye simu kwamba vijidudu vya fizi hupanda kichwani vikala ubongo. Sasa anataka mama ang'olewe meno yote kwa mara moja ili ugonjwa usiendelee. Ni kweli? Tumng'oe? Na mimi mwenyewe nina miaka 44, nikipiga mswaki natema damu. Ndiyo nimeshaanza safari hiyo hiyo?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam, dada yangu. Nianze na lile ambalo kaka yako anaweza kulifanya wiki hii: msimng'oe mama meno yote. Jino lililooza likafika kwenye mzizi, au lililobaki kushikiliwa na nyama tu, litatolewa, na daktari atakayemuona kwa macho ndiye atakayesema ni lipi. Lakini kuvua kinywa kizima ili kuokoa kumbukumbu, hilo halijathibitishwa na utafiti wowote, na hapo mbele nitakueleza kwa nini linaweza kumdhuru.

Huo ujumbe wa kaka yako haukutungwa wote. Una punje ya kweli ndani yake, na nataka uijue vizuri, maana ndiyo itakayokupa la kumjibu.

Kila tunapokula, juu ya meno hujengeka utando laini uliojaa bakteria. Usipoondolewa, madini yaliyomo kwenye mate huugandisha ndani ya siku chache ukawa ukoga, kile kigumu cha manjano au cha kahawia ambacho mswaki hauking'oi tena. Ufizi unaopakana na ukoga huvimba, huwa mwekundu, hutoka damu. Mpaka hapo ugonjwa unarudi nyuma meno yakisafishwa. Ukiachwa miaka, ufizi huachana na jino pakawa na mfuko. Sisi tunaupima kwa kijiti cha chuma chenye alama: ufizi mzima una kina cha milimita 1 hadi 3, na kuanzia 4 tunaanza kuwa na wasiwasi. Ndani ya mfuko ule mswaki haufiki, na mfupa unaoshika jino unaliwa polepole mpaka jino linaanza kucheza. Aghalabu haumi, na hilo ndilo baya lake, kwa sababu watu wetu hufuata hospitali wakiumwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 1 wana ugonjwa wa fizi uliofikia hatua kali. Mama yako hana la kuonea haya, wala wewe huna la kujilaumu.

Katika mifuko hiyo anaishi bakteria aitwaye Porphyromonas gingivalis. Januari 2019 watafiti walichapisha katika jarida la Science Advances habari iliyotikisa watu. Walichunguza bongo za marehemu waliokuwa na ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo kikubwa cha maradhi ya kusahau, wakakuta vimeng'enya vya bakteria huyo katika zaidi ya bongo 9 kwa kila 10. Kisha waliwatia panya bakteria huyo kinywani kwa muda wa wiki 6. Akaonekana ubongoni mwao, na ile protini ya amiloidi inayorundikana kwa wagonjwa wa Alzheimer ikaongezeka. Hapo ndipo ulipozaliwa ujumbe wa kaka yako.

Ila habari haikuishia hapo. Nyuma ya utafiti ule kulikuwa na kampuni ya California, Cortexyme, iliyotengeneza dawa ya kuvizuia vimeng'enya hivyo visifanye kazi. Waliijaribu kwa wagonjwa 643 kwa wiki 48. Oktoba 2021 majibu yalitoka: kwa ujumla, waliokunywa dawa waliendelea kupoteza kumbukumbu sawa na waliopewa vidonge vitupu. Kampuni ilisema kwamba miongoni mwa waliokunywa dawa, wale ambao bakteria alipatikana kwenye mate yao walishuka polepole zaidi, na mimi nalichukua hilo kama dokezo la kufuatiliwa, si zaidi. Dawa yenyewe ilionyesha dalili za kuumiza ini, na Januari 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ikazuia majaribio yake yasiendelee.

Nzi akikutwa kwenye kidonda, haina maana kuwa yeye ndiye aliyekukata. Ingawa nzi naye hukizidisha kidonda, na kwa maoni yangu hapo ndipo tulipo leo na bakteria huyu.

Zipo pia tafiti zilizofuata watu miaka mingi. Taiwan, mwaka 2017, walilinganisha watu 9,291 wenye ugonjwa sugu wa fizi na wengine 18,672 wasiokuwa nao. Waliokaa na ugonjwa huo miaka 10 walipata Alzheimer kwa kiasi cha mara 1.7 ya wenzao. Mwaka 2022 watafiti wa Finland walikusanya tafiti 47 za namna hiyo, na tofauti ikaonekana ndogo zaidi: hatari ya maradhi ya kusahau ilizidi kwa asilimia kama 21 kwa wenye fizi mbovu. Uhusiano upo. Sibishani nao.

Ninachojiuliza mimi kila nikisoma tafiti hizi ni kipi kilitangulia. Mabadiliko ya Alzheimer huanza ubongoni miaka 15 hata 20 kabla mtu hajapotea njia ya kwa jirani. Katika miaka hiyo mtu huanza kuacha vitu vidogo ambavyo hakuna anayeviona: mswaki wa usiku, kusukutua baada ya kula, kwenda kutazamwa jino lililomsumbua. Basi fizi zilizoharibika zinaweza kuwa ni alama ya akili inayopungua, sio chanzo chake. Tena yapo mambo yanayobomoa pande zote mbili kwa pamoja. Kisukari huharibu fizi na huharibu mishipa ya damu ya ubongo. Sigara vivyo hivyo. Aliyetolewa skuli mapema akaishi maisha ya dhiki ana hatari zaidi ya kupoteza meno, na ana hatari zaidi ya kupoteza kumbukumbu. Watafiti hujaribu kuyatenganisha haya kwa hesabu, lakini hayatengani yote.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa tangu utotoni hadi uzeeni yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu nusu ya maradhi ya kusahau duniani. Wametaja kutosikia vizuri, kutoona vizuri, presha, kisukari, lehemu mbaya, sigara, upweke, sonona, kukaa bila kutembea na mengineyo. Ugonjwa wa fizi haumo. Sisemi hautaingia siku moja, maana uvimbe wa miaka mingi kinywani humwaga kemikali zake kwenye damu, na damu hiyo ndiyo inayopita kichwani. Lakini kama kaka yako ana nauli ya kumpeleka mama mahali pamoja tu mwezi huu, asianze kwa mng'oa meno. Aanze kwa daktari wa kawaida, presha ipimwe, sukari ipimwe, masikio yatazamwe.

Hapa nakuomba unisikilize sana. Sisi visiwani mzee akianza kusahau tunasema ni uzee, au amerudi utotoni, na wapo watakaokwambia kachezewa. Sasa limezuka jipya: ni meno. Yote hayo yana madhara ya namna moja, kwamba yanamzuia mgonjwa kuchunguzwa. Kuna kusahau kunakotokana na mambo yanayotibika: tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, sonona baada ya kufiwa, maradhi ya njia ya mkojo, damu iliyovuja ndani ya fuvu baada ya kuanguka. Kuna na dawa. Vile vidonge vidogo vya njano vya mafua, ambavyo watu wengi huwapa wazee ili walale, huwachanganya akili wazee na pia hukausha mate, na kinywa kikavu huharibika haraka. Kama mama anapewa, mwambie daktari. Mkusanyie dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na za miti shamba, umpelekee azione.

Nimewahi kuletewa bwana mmoja mzee, mkulima, ambaye wanawe walikuwa wameshakata tamaa. Alikuwa halali, anapiga kelele kila jioni, anakataa chakula, anawasukuma wanaomkaribia. Nyumbani walishasema akili imeondoka. Nilipomfungua kinywa, chini ya gego la kushoto palikuwa na usaha ambao sijui aliustahimili vipi, naye hakuwa na maneno ya kusema panapouma. Tuliutoa usaha na jino lile. Baada ya siku chache alikula muhogo, akalala, akaacha kelele. Kumbukumbu haikurudi, majina ya wajukuu aliendelea kuyapoteza. Lakini ule ukali wote ulikuwa ni jino. Mzee anayesahau akibadilika ghafla, akikataa kula upande mmoja au akishika shavu, mfungue kinywa utazame kabla ya jingine lolote.

Sasa kuhusu kung'oa yote. Mwaka 2021 watafiti walijumlisha tafiti 14 zenye watu wazima 34,074. Waliopoteza meno mengi walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kudhoofika akili, kwa kiasi cha mara 1.48, na ya maradhi ya kusahau mara 1.28. Kwa waliowekewa meno ya bandia tofauti hiyo ilififia. Hapa nako hatuwezi kusema pengo ndilo lililoleta kusahau, lakini angalau tunajua kwamba kinywa kitupu hakijaonekana kumlinda mtu. Fikiria na maisha ya kila siku: asiye na meno huacha samaki mkavu, huacha matunda magumu na mboga, hubakia na uji, mkate uliochovywa kwenye chai ya sukari na wali uliopondwa. Anakonda. Anaona haya kwenda harusini. Na mtu aliyekwisha anza kusahau hujifunza kwa taabu kuvaa meno ya bandia. Wengi huyatoa wakayatupa au wakayaficha. Meno aliyonayo mama, hata yakiwa 15, ni mali.

Anachohitaji ni kusafishwa. Daktari au mtaalamu wa afya ya kinywa atauondoa ukoga juu ya ufizi na chini yake, kwa mikao miwili au zaidi, maana mzee kama huyo hachokeshwi siku moja. Wapo watakaokuambia kuwa kusafisha kunalegeza meno. Jino lilikuwa limelegea zamani, ukoga ndio uliokuwa umelishika kama saruji. Usimnunulie antibaiotiki dukani. Dawa za kumeza peke yake haziwafikii bakteria waliojifungia ndani ya utando. Damu itakata wiki moja, kisha itarudi. Na najua kwenu Pemba karafuu haikosekani nyumba. Mafuta yake hutuliza maumivu ya jino kweli, na kiini chake tunakitumia hata sisi kwenye dawa ya kuziba jino kwa muda. Lakini hayaondoi ukoga, na yakipakwa mazito yanaunguza ufizi. Kama mama anakula tambuu, popoo na tumbaku vyote vinamdhuru, na hapo hofu yangu kubwa ni saratani ya kinywa. Chakula hicho inafaa akiage.

Kama atakutwa na sukari, faida ya kusafisha inaongezeka. Fizi zenye uvimbe huifanya sukari iwe ngumu kushuka, na sukari iliyopanda huzidi kuzibomoa fizi. Kutibu fizi kumeonekana kukishusha kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu (HbA1c, kinachosomwa kwa asilimia) kwa kiasi cha 0.4 hivi, ambacho si kidogo kwa matibabu yasiyo ya kidonge.

Kazi kubwa zaidi itakuwa yako, nyumbani. Mtu anayesahau hasahau vyote kwa pamoja. Yanayoshikwa na mkono hukaa muda mrefu kuliko yanayoshikwa na ulimi. Mama anaweza kukusahau jina, lakini ukimweka mbele ya ndoo na kata atatawadha. Kwa hiyo usianzishe saa mpya ya kusafisha meno, iweke palepale kwenye udhu, pale anaposukutua. Mswaki kabla ya Sala ni sunna aliyoizoea tangu utotoni, na amezoea kuulizwa "umeshapiga mswaki?" Ukimpa mswaki wa mti na mkono wake ukajua la kufanya, mwache aufanye, ni mti mzuri. Utafune ncha mpaka iwe nyuzi laini, uikate ikichakaa, na asugue kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino, sio kwa kukata ubavuni kama msumeno. Upungufu wake ni kuwa haufiki vizuri upande wa ndani, wa ulimi. Kwa hiyo mara mbili kwa siku, moja ikiwa kabla ya kulala, wewe umalizie kwa mswaki wa dukani, ule laini, na dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya kunde.

Mkalishe kwenye kiti penye mwanga. Simama ubavuni mwake au nyuma kidogo, kichwa chake kiegemee kifua chako kama ulivyokuwa ukiwachana watoto nywele. Mwambie unachofanya, neno moja moja. Nyuzi za mswaki zielekee pale jino linapokutana na ufizi, uzizungushe taratibu. Akiushika mkono wako, usiuvute. Mpe yeye mswaki, kisha ufunike mkono wake kwa wako mwende pamoja. Akikataa kabisa, acha, rudi baada ya nusu saa. Kuna siku utapata upande mmoja tu, na hiyo nayo ni kazi. Wengine huogopa kioo kwa kuwa hawamtambui wanayemuona humo, basi kiondoe. Damu itatoka siku za mwanzo. Usisite kwa sababu hiyo, hapo panapotoka damu ndipo panapotaka kusafishwa. Vipande vya chakula baina ya meno usivichokoe kwa chelewa, zinachoma ufizi. Tumia uzi wa meno, au vile vimswaki vidogo vya kupita katikati kama utavipata.

Meno yale mawili ya mbele yanayocheza, mwachie daktari ayapime. Meno ya hapo mara nyingine hukaa miaka baada ya ukoga kuondoka, na mara nyingine huwa yameshafika mwisho. Ninachotaka yaangaliwe mapema ni kuwa jino lililolegea sana linaweza kutoka likamezwa au likaingia njia ya pumzi, hasa usiku. Mkienda, nendeni asubuhi, ndio wakati ambao wengi wa wagonjwa hawa akili zao zimetulia zaidi, na nenda naye wewe anayekujua, usimtume na mtoto. Mtaje daktari kama mama anakunywa aspirini au dawa yoyote ya kuifanya damu iwe nyepesi.

Nije kwako. Hapana, damu unayotema haikuambii kuwa umeshaanza kusahau. Inakuambia kuwa fizi zako zina uvimbe, na katika umri wa miaka 44 uvimbe huo aghalabu bado unarudi nyuma. Nenda ukasafishwe siku hiyo hiyo utakayompeleka mama, na upimwe ule mfuko wa ufizi jino kwa jino, kwa sababu ugonjwa mkali wa fizi huonekana kuandama familia. Pima na sukari na presha, maana hizo mbili kwenye umri wako ndizo zenye ushahidi mzito zaidi kuhusu ubongo wako wa baadaye kuliko fizi. Ukipiga mswaki vizuri asubuhi na usiku baada ya kusafishwa, damu inatakiwa ikate ndani ya wiki mbili hivi. Isipokata, rudi, usingoje maumivu. Na kama fizi za mumeo hazitoki damu lakini anavuta sigara, mchukue naye: moshi hubana mishipa ya ufizi, damu haitoki, na ugonjwa unaendelea chini kwa chini bila kumpa ile alama uliyopewa wewe.